Mafunzo ya kupambana na uhalifu wa uvuvi Ziwa Tanganyika: tupeleke akina nani, na wakaombe kufundishwa nini?

katibu_wa_mwalo (Uvinza, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) kwenye mwalo mmoja wa kusini, ukishapita Sunuka kuelekea Kalya. Tumeletewa barua kwamba kutakuwa na mafunzo ya pamoja Kigoma mjini. Watakuwepo polisi, maafisa uvuvi, uhamiaji na watu wa mapato, na kila BMU inatakiwa itoe watu wawili. Mada ni uhalifu kwenye uvuvi. Barua inasema tupendekeze pia mambo ambayo tungependa yafundishwe. Ni mara chache sisi wa mwaloni kuulizwa kitu kama hicho, ndiyo maana sitaki tujibu kwa mistari miwili ya "tunaomba boti na mafuta" halafu tuone tumemaliza.

Kamati imekaa. Wengi wanataka waende vijana wenye nguvu, wale wanaojua kukimbiza boti na kuruka kwenye maji usiku bila woga. Mimi nina mashaka na hilo, na naomba nieleze sababu.

Kuna usiku tulikamata kokoro, ule wavu haramu wa kukokota ufukweni, tukiwa na afisa uvuvi na askari. Kazi ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Hakuna aliyeumia wala aliyepigwa, na aliyekuwa anasimamia uvutaji hakukimbia. Tulipolikunjua lile kokoro pale mchangani kwa tochi, ndani mlikuwa na watoto wa kuhe wasiofika urefu wa kidole, wamebanana na majani na mchanga. Mnaomjua kuhe mnajua analinda watoto wake karibu na ufuko, jike na dume pamoja. Sasa kokoro linapita palepale linakomba familia nzima. Niliwashika mkononi, wengine bado wanatapatapa. Nilikasirika sana.

Kokoro likatiwa kwenye gunia, gunia likapakiwa kwenye boti, likaenda na boti usiku kucha mpaka kituoni. Kesi ilipoitwa, mshtakiwa akauliza swali moja tu: "Kokoro langu ni lipi?" Ghalani palikuwa na makokoro ya operesheni nyingine, yamerundikwa pamoja, hakuna lebo. Afisa akaonyesha moja, askari akaonyesha jingine. Basi, kesi ikaishia hapo. Yule bwana akarudi mwaloni, na sisi tuliotoa ushahidi tunachota maji naye sehemu moja.

Kwa hiyo naulizia: tupeleke watu wa namna gani? Wakaombe kufundishwa nini? Na kama kuna mtu hapa amewahi kuhudhuria mafunzo ya aina hii au kuyafundisha, aseme ukweli ni lipi lilisaidia na lipi lilikuwa la kula posho na kuondoka.

mzee_wa_faili

Katibu, nimekusoma kwa makini. Nilikuwa mwendesha mashtaka kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa Kigoma na Tabora, sasa nimestaafu. Kesi yako naijua bila kuliona faili lake, maana zilizofanana nayo nimezisimamia nyingi na nyingine zilinifia mkononi.

Kesi za uvuvi haziharibikii ziwani. Zinaharibikia kati ya mchanga wa mwaloni na ghala la vielelezo. Mnaweza kuwa na boti ya kasi kuliko zote Tanganyika, kama hamjui kuandika mlichokamata mtakuwa mnawakimbiza watu kwa mazoezi tu. Ukiniuliza mafunzo yawe ya nini, nitakwambia nusu yake yawe ya karatasi.

Nianze na hati ya ukamataji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka ukichukua mali ya mtu utoe stakabadhi, isainiwe na mwenye mali na mashahidi waliokuwepo. Hiyo hati inaandikwa palepale, kabla kokoro halijaingia kwenye gunia. Isiandikwe kesho yake kituoni kwa kukumbuka. Andika urefu wake, rangi ya kamba, idadi ya maboya, sehemu ilipotiwa kiraka, uzi wa kiraka ni wa rangi gani. Kokoro lolote lililotumika lina viraka, na viraka vyake ndivyo vitakavyolitofautisha na jingine mbele ya hakimu.

Halafu lebo. Karatasi huloana ikaoza. Kata kipande cha dumu, kitoboe kwa msumari wa moto, andika kwa wino usiofutika namba ya kesi, tarehe, mahali na jina la mkamataji, kifunge kwa waya kwenye kamba ya juu ya wavu wenyewe. Kisifungwe kwenye gunia, magunia hubadilishana. Baada ya hapo kila anayekabidhiwa asaini: mkamataji, nahodha kama ndiye aliyesafiri nalo, mtunza ghala, mpelelezi. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja wakili anaingilia hapo. Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ya Mahakama ya Rufani ndiyo kila wakili anaitaja kwenye hoja hiyo, na ninyi muijue.

Kupima macho ya wavu nako kuna ufundi wake. Jicho linyoshwe, lipimwe mbele ya mwenye wavu, sehemu kadhaa tofauti, na kila kipimo kiandikwe. Nimewahi kuona shahidi anaulizwa "ulipima wapi?" akajibu "katikati." Ulipima mara ngapi? Kimya. Yule alikuwa mtaalamu mzuri wa samaki, lakini hakuna aliyewahi kumsimamisha kizimbani kwa mazoezi akabanwa maswali.

Sasa samaki wenyewe. Hawa wanaoza, na hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawaufahamu. Kielelezo kinachooza unakwenda nacho kwa hakimu upate amri ya kukiteketeza au kukiuza. Mahakama ya Rufani, kwenye Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017 iliyohusu nyara za serikali, ilieleza kwamba mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu wakati huo na asikilizwe, na ikarejea Mwongozo wa Jeshi la Polisi, PGO namba 229. Ukipata amri wakati mtuhumiwa amekaa mahabusu, ile fomu yako haina nguvu. Shauri lile lilikuwa la nyara, lakini mantiki yake ni ileile hata kwa samaki. Pigeni picha samaki wakiwa juu ya rula, pimeni kilo, halafu muende kwa hakimu pamoja na mtuhumiwa.

Jambo jingine linalowahusu ninyi mlio mbali ni saa. Polisi wana saa nne za kumhoji mtu tangu alipokamatwa. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, ila ni lazima uthibitishe ulikuwa wa kusafiri kweli. Andikeni saa ya kukamata na saa ya kufika. Boti ikiharibika njiani, andikeni iliharibikia wapi na ilitengamaa saa ngapi. Na chukueni alama za GPS pale mlipokamatia, simu nyingi siku hizi zinatosha. Ziwa hili lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na kwenye maji hakuna ukuta. Swali la "mlikuwa upande wa nani?" halikosekani.

Kama waandaaji wanadhani haya ni mambo ya wavuvi wadogo, wakumbusheni Tawariq 1. Meli ile ilikamatwa Machi 2009 baharini, kwenye eneo letu la kiuchumi, ikiwa na jodari mamia ya tani. Nchi nzima ilifurahi, samaki wakagawiwa. Mahakama Kuu ikawatia hatiani watuhumiwa wawili mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia, na kilichowatoa ni kasoro za utaratibu wa mashtaka. Jodari walikuwepo na meli ilikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa barua yako ni moja: waandaaji walete mafaili ya kesi za Ziwa Tanganyika zilizoshindwa, wafute majina, wawagawie washiriki watafute palipovujia. Siku ya mwisho iwe mahakama ya mazoezi, hakimu wa kweli akiwa kitini na wakili wa kweli akiwabana. Askari, afisa uvuvi na mtu wa BMU wasimame kizimbani mmoja baada ya mwingine. Kwenye shughuli hiyo, kijana hodari wa kuogelea atakusaidia kidogo sana. Peleka anayeandika.

mwenye_kipe

Mzee, shikamoo. Umeongea mambo mazito na mimi nakubaliana nawe, lakini naomba tusisahau majambazi. Sisi tunaovua dagaa kwa kipe, tukishawasha taa kule katikati tunaonekana kutoka mbali kama mji. Anayetaka kutupora hana haja ya kututafuta.

Walitujia boti haina taa. Silaha walizionyesha tu, hawakufyatua. Walichukua injini, betri za taa na simu. Tulipiga kasia mpaka jua likatoka, na kuna kijana wangu mmoja mpaka leo hataki kurudi ziwani.

Nilipofika kituoni nilikuwa na risiti ya injini, namba yake ya kiwandani iko pale inasomeka. Nikaipeleka mezani. RB niliyopewa, ile karatasi ya kumbukumbu ya taarifa polisi, iliandikwa "mashine moja ya boti, rangi ya bluu." Ziwa hili lina injini za bluu ngapi? Nikamwomba aongeze namba, akasema itaandikwa kwenye maelezo. Kama iliandikwa sijui. Ninachojua ni kwamba injini zinazoporwa huku zinaweza kuvuka usiku uleule, na mtu wa Kalemie au Uvira, upande wa Kongo, akiikamata hana cha kulinganisha nayo.

Mimi ombi langu kwenye mafunzo liwe hilo. Afundishwe askari wa mapokezi. Hawa wa doria siyo tatizo langu. Ajue injini ina namba, iko wapi, inanakiliwaje, na kwamba namba hiyo lazima ivuke mpaka kabla injini haijauzwa. Wawaite na wenzao wa Kongo na Burundi wakae darasa moja. Lugha siyo kikwazo, Kiswahili kinasikika kote pembezoni mwa ziwa. Tuna Mkataba wa Ziwa Tanganyika wa mwaka 2003 na mamlaka ya ziwa yenye ofisi Bujumbura. Nchi zinaweza kukaa meza moja kuzungumzia kupumzisha ziwa, basi zikae na kwa ajili ya namba za injini.

Na mafunzo ya kufukuzana usiku yasiachwe kabisa. Askari wengi wanaoletwa huku wametoka mikoa isiyo na maji. Wanapanda boti na buti nzito bila jaketi okozi. Ziwa likichafuka hao ndio tunaanza kuwaokoa sisi.

mama_dagaa_mwanga

Katibu mwanangu, pole na hongera. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na migebuka wakavu, nanunua Katonga na Kibirizi, napeleka Tabora na mpaka Dar es Salaam. Naomba na sisi wa barabarani tukumbukwe kwenye barua yako, maana sheria ya uvuvi haiishii ufukweni, inapanda lori.

Shida yangu na baadhi ya wanaotukagua siyo ukali. Ni kutokujua samaki. Nimewahi kusimamishwa nikaambiwa nimebeba "watoto wa samaki", ilhali gunia zima ni dagaa wa Kigoma, dagaa halisi. Dagaa wetu huyu akishakuwa mkubwa kabisa ni wa urefu wa kidole, hawi sangala hata umsubiri miaka kumi. Nilisimama juani namweleza mtu mwenye bunduki na kitabu cha faini. Mwisho akaitwa mwenzake aliyekulia Ujiji, akashika dagaa mmoja akacheka, akaniruhusu. Je, asingekuwepo?

Kwa hiyo wawachukue hao askari alfajiri wakawashushe Katonga boti zinaporudi. Hawahitaji picha za ukutani. Washike dagaa, washike mgebuka mdogo na mkubwa, waonyeshwe mtoto wa sangala anafananaje, wamjue kwa mkono na kwa macho. Halafu warudi jioni wawaone wakiwa wakavu, maana samaki mkavu hubadilika sura na ndiyo anayesafiri. Akina mama wanaoanika pale watawafundisha bila hata posho.

Jambo la pili ni nyaraka. Kituo hiki wanataka kibali hiki, mbele wanataka kingine, na kila mmoja anasema mwenzake hajui. Wakae wote, polisi, uvuvi, mapato na halmashauri, wakubaliane msafirishaji anatakiwa awe na nini, waandike kwenye ukurasa mmoja na watupe na sisi. Na faini zote zilipwe kwa kontroli namba. Mtu akikwambia faini ni ya kumkabidhi mkononi, hiyo siyo faini. Nataka askari afundishwe hivyo, na mfanyabiashara afundishwe hivyo siku hiyohiyo akiwa amekaa naye benchi moja, ili tusije tukadanganyana baadaye.

Mkifunga ziwa sisi hatulalamiki. Mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti biashara ililala, lakini tulielewa. Kinachouma ni kufungiwa wewe unayefuata sheria huku mwingine anapitisha mizigo usiku.

chuo_kibirizi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa FETA, chuo cha uvuvi, hapa Kibirizi. Naongeza kidogo tu.

Nje ya nchi hili jambo wamelitenga kama fani. Chuo Kikuu cha Nelson Mandela kule Gqeberha (zamani Port Elizabeth), Afrika Kusini, kilianzisha mwaka 2016 kituo kinachoitwa FishFORCE, kwa fedha za Norway, kazi yake kufundisha maafisa uvuvi, polisi na waendesha mashtaka. INTERPOL nayo ilianzisha mwaka 2013 mradi wake wa uhalifu wa uvuvi, Project Scale. Msingi wao ni kwamba uvuvi haramu mara nyingi haukai peke yake. Nyuma yake kuna nyaraka za kughushi, ukwepaji kodi, rushwa, kazi za kulazimishwa, hata usafirishaji wa binadamu na dawa za kulevya kwa vyombo vya uvuvi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu uhalifu wa kupangwa kwenye sekta hii ilieleza hayo.

Kwa huku kwetu tafsiri yake ni rahisi. Aliyekamatwa anavuta kokoro mara nyingi ni kibarua. Kokoro siyo lake, boti siyo yake, na faini ataletewa na mtu ambaye hajaloana hata kisigino. Mafunzo yawafundishe wapelelezi kuuliza: nani alinunua wavu, uliingia nchini kwa njia gani, nani alilipa mafuta, fedha za samaki zilitumwa kwenye simu ya nani? Ndiyo maana nafurahi barua imetaja watu wa mapato na uhamiaji. Wasije wakawa wa kukaa nyuma tu, wapewe kipindi chao.

katibu_wa_mwalo

Nawashukuru sana wote. Mzee wa faili shikamoo, na mama, shikamoo. Nimeyaandika yote na kesho naitisha kamati tena.

Nimeshaamua nitamsimamia nani. Kuna dada pale mwaloni anayeandika daftari la mapokezi ya samaki: boti ipi imerudi, na ndoo ngapi za dagaa. Mwandiko wake unasomeka, na ukimuuliza kuhusu siku yoyote anafungua ukurasa. Hajawahi kwenda doria, na wapo watakaopinga kwa sababu hiyo na kwa sababu ni mwanamke. Nitawasomea alichoandika mzee kuhusu lebo na hati. Wa pili atakuwa nahodha wetu, kwa ajili ya yale ya mwenye kipe.

Mzee, nina swali moja limebaki, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mashahidi. Baada ya ile kesi, jirani yangu aliyesaini kama shahidi alikuta mtumbwi wake umetobolewa. Hakuna aliyeona aliyefanya. Nikimwomba asaini tena, nina uso gani?

mzee_wa_faili

Marahaba. Swali zuri kuliko yote uliyouliza.

Usimwombe. Panga upya. Ongea na katibu wa mwalo wa jirani mbadilishane: watu wako wakashuhudie ukamataji kwao, na wao waje kwako. Shahidi anayelala umbali wa saa mbili kwa boti siyo rahisi kumtisha. Mwambie mkuu wa doria hilo liwe kwenye mpango tangu mwanzo, lisiachwe mpaka usiku wa tukio.

Pili, tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Huko vijijini wachache wanaijua, hata miongoni mwa wanaotakiwa kuitekeleza. Iandike kwenye mapendekezo yako kwa jina lake kamili, uombe kipindi kizima juu yake: mtu anatoa taarifa kwa nani, jina lake linafichwaje, akidhuriwa anakwenda wapi.

Tatu, huyo jirani mwenye mtumbwi, je, alifungua taarifa polisi? Kama hakufungua, mshike mkono muende pamoja, hata kama muda umepita. Kuharibu mali ni kosa linalojitegemea na linapaswa kuwa na faili lake. Mkifika, kabla hamjaondoka kaunta, isomeni hiyo RB. Kama imeandikwa "mtumbwi mmoja", mwombe aongeze urefu, namba ya usajili, na tundu liko upande gani.

katibu_wa_mwalo

Hakufungua. Tunakwenda Jumatatu.